Kodi na Ridhaa: Kuitazama Misukosuko ya Leo kwa Macho ya Historia

Mganga mwema hamtibu mgonjwa kwa kutazama homa peke yake. Huuliza maradhi yalianza lini, mgonjwa alikula nini, na kama wazazi wake waliwahi kuugua vivyo hivyo. Mambo ya siasa nayo yataka kuangaliwa namna hiyo. Ghasia zitokeapo mjini, watu wengi hutazama moshi na mawe tu, wakalaumu upande mmoja au wa pili, kisha wakasahau. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza zaidi: jambo hili asili yake ni nini, na ni fikira zipi zinazoshindana ndani yake?

Na tuchukue mfano mmoja ulio karibu nasi. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Kenya ilipeleka Bungeni Muswada wa Fedha uliokusudia kuongeza mapato ya nchi kwa shilingi bilioni 346. Miongoni mwa mapendekezo yake ya kwanza kulikuwa na kodi ya asilimia 16 juu ya mkate, na kodi ya kila mwaka juu ya magari. Haya mawili yaliondolewa baada ya watu kunung'unika, lakini mengine yalibaki. Kuanzia tarehe 18 Juni vijana walitoka barabarani, kwanza Nairobi, kisha katika miji mingi. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliukubali muswada, na 106 wakaukataa. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, sehemu ya majengo hayo ikatiwa moto, na polisi wakapiga risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Katika wiki zile makumi ya watu walipoteza maisha, wengi wao vijana.

Hayo ndiyo yaliyoonekana kwa macho. Sasa na tuchimbe chini, tutafute mizizi.

Kodi ya serikali katika nchi hii haikuanza kwa mapatano. Ilianza mwaka 1901, Waingereza walipoamuru kila nyumba ya Mwafrika itozwe. Kwanza ilikuwa rupia chache tu, lakini ikapanda mpaka rupia 3, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa ili kuwapata wanaume wasiotozwa kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilikuwa na makusudi mawili. La kwanza ni kulipia gharama za utawala, katika nchi ambayo reli yake peke yake, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilikula zaidi ya pauni milioni 5. La pili lilikuwa la siri kidogo, ingawa walowezi walilisema wazi: mtu mwenye shamba lake na mifugo yake hana haja ya kwenda kulima shamba la mwingine kwa ujira mdogo, lakini akidaiwa fedha taslimu kila mwaka, atakwenda apende asipende.

Je, mlipaji aliulizwa? Hakuulizwa. Baraza la kutunga sheria lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, na walowezi wa Kizungu walianza kuchagua wajumbe wao mwaka 1920. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa. Waafrika hawakupiga kura ya kuchagua wajumbe wao hadi 1957. Kwa hiyo tangu 1901 hadi 1944, muda wa miaka 43, watu walitozwa bila kuwa na hata mtu mmoja wa kwao mahali pale kodi ilipokatwa shauri. Na tazama upande wa pili: Serikali ilipojaribu kuwatoza walowezi kodi ya mapato mwanzoni mwa miaka ya 1920, waliipinga kwa nguvu ikafutwa, isirudi mpaka 1937. Mwenye sauti aliupunguza mzigo wake, na asiye na sauti akaubeba wote.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yalizidi kuwa mazito. Watu walilazimishwa kuvaa kipande, kodi ikafika shilingi 16, na mwaka 1921 waajiri wa Kizungu wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi. Ndipo aliposimama Harry Thuku, kijana wa miaka ishirini na kitu, mpokeaji wa simu katika ofisi ya Hazina ya Serikali yenyewe. Alianzisha chama kilichowakusanya vijana wa makabila mbalimbali mjini Nairobi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume kwa woga wao, akauongoza umati kusonga mbele. Polisi wakapiga risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mahakamani, akakaa mbali na kwao karibu miaka 9. Hata hivyo kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12.

Msomaji mwangalifu ataona ya 1922 na ya 2024 yalivyofanana: mzigo wa kodi, vijana mbele, risasi, kisha serikali kurudi nyuma baada ya damu kumwagika. Lakini asikimbilie kusema kwamba historia imejirudia. Historia haijirudii kama mchana na usiku. Mwaka 1922 mlipaji hakuwa na mjumbe hata mmoja. Mwaka 2024 wabunge wote waliopiga kura, walioukubali muswada na walioukataa, waliwekwa Bungeni kwa taratibu za Katiba, na wengi wao kwa kura za wananchi wenyewe. Basi kwa nini wananchi walisema kwamba hawakuridhia? Hapa historia ya matukio peke yake haitoshi; yatupasa tuendee historia ya fikira.

Fikira ya kwamba kodi yahitaji ridhaa ni kongwe. Mwaka 1215 makabaila wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John akubali kwamba baadhi ya tozo hazitatozwa bila shauri la pamoja la ufalme. Mfalme Charles wa Kwanza alitawala bila Bunge tangu 1629 hadi 1640, akijaza hazina yake kwa tozo ambazo Bunge halikuzipitisha. Ugomvi wao ukazaa vita mwaka 1642, na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Mwaka 1765 Bunge la Uingereza likawatoza watu wa makoloni ya Amerika kodi ya stempu, nao wakakataa kwa sababu ile ile ambayo zamani Waingereza walimpinga nayo mfalme wao: hawakuwa na wajumbe katika Bunge hilo. Huko Ufaransa, mwaka 1789 mfalme aliyelemewa na madeni alilazimika kuita baraza ambalo halikukutana tangu 1614, maana alihitaji kodi mpya na mabwana wakubwa walikuwa wamesamehewa nyingi. Baraza hilo likawa mlango wa mapinduzi.

John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliieleza fikira hiyo mwaka 1689: serikali haiwezi kudumu bila kodi, na kila anayelindwa nayo yampasa kutoa fungu lake, lakini haina haki ya kuchukua mali ya mtu bila ridhaa ya watu, wakiitoa wenyewe au kwa wajumbe waliowachagua. Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu huja tukiuliza: je, mjumbe akishachaguliwa, ana ruhusa ya kuridhia lolote? Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge anawiwa nao akili yake na wala si bidii tu, kwa hiyo aamue aonavyo kuwa ni haki kwa taifa zima. Jean-Jacques Rousseau, miaka 12 kabla yake, alikuwa ameandika kinyume: kwamba watu wa Uingereza hujidhania kuwa huru, kumbe ni huru siku za uchaguzi tu.

Mabishano ya watu hawa wawili ndiyo yaliyotoka barabarani Nairobi mwaka 2024, ingawa wachache waliwataja kwa majina. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikumfuata mmoja tu. Kifungu cha kwanza chasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, wanaoyatumia wenyewe au kwa wajumbe wao. Kifungu cha 201 chataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Lakini kushirikishwa ni nini? Kusikilizwa tu, au kufuatwa? Hata mahakimu hawakuafikiana. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, mojawapo ya sababu ikiwa upungufu wa ushirikishaji huo. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo.

Haki yatudai tuutazame na upande wa Serikali. Shule mnazosomea, dawa za hospitali na barabara za mashambani hulipiwa kwa kodi. Tena nchi ilikuwa na deni: mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 katika masoko ya ng'ambo, na muda wa kulipa ulikuwa Juni 2024, mwezi ule ule wa maandamano. Sehemu kubwa yake ililipwa kwa mkopo mwingine uliochukuliwa mwezi wa Februari. Kukataa muswada hakukulifuta deni, na mwezi wa Desemba 2024 baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa yalirudi katika sheria nyingine. Dawa ya deni kulipa. Lakini mlipaji ana haki ya kuuliza nani alikopa, na fedha zilifanya kazi gani.

Vivyo hivyo Katiba, katika kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kuandamana, kwa sharti kwamba awe na amani wala asichukue silaha. Sharti hili lamfunga mwandamanaji asichome wala asipore. Haliwezi hata mara moja kuhesabiwa kuwa ruhusa ya kumpiga risasi asiye na kitu mkononi. Tarehe 25 Juni 2025, watu walipoadhimisha mwaka mmoja, wengine tena waliuawa. Hiyo ni alama kwamba somo la 1922 bado halijashika.

Basi, ninyi vijana ambao karibuni mtapiga kura, msukosuko ukitokea msianze kwa kuuliza nani mwovu. Ulizeni kwanza: ni nani anayebebeshwa mzigo, na ni nani anayesamehewa? Ni nani aliyeridhia, na kwa njia gani? Kinachopatikana kinatumiwaje? Na waliotutangulia walijaribu nini katika hali kama hiyo, wakapata nini, wakapoteza nini? Mwenye kuuliza hivyo hatachukuliwa upesi na maneno ya jukwaani, ya mtawala wala ya mpinzani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kodi na ridhaa ulianza katika nchi hii mwaka 1901, na kila kizazi kimeuziba kidogo. Sehemu iliyobaki itawaangukia ninyi, na haiwezi kuzibwa na mtu asiyejua ulikoanzia.