Kenya: Fomu za mtandaoni na mwananchi anayezijaza

Tovuti ya eCitizen, iliyoanza mwaka 2014, ndiyo mlango wa huduma nyingi za serikali nchini Kenya, zikiwemo pasipoti na leseni ya udereva. Mwezi Juni 2023, Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 katika mfumo huo. Hata hivyo, fomu isiyoeleweka humpeleka mwombaji kwa mhudumu wa saiba, ambaye hulipwa aijaze, na mara nyingi hupewa hata nenosiri.

Fomu iliyo bora hutaja nyaraka zinazohitajika kabla ya swali la kwanza. Huonyesha mfano wa tarehe, maana 08/03 yaweza kusomwa Machi 8 au Agosti 3. Kosa likitokea, maelezo ya kulirekebisha huandikwa kando ya kisanduku chenyewe. Maneno "ombi batili" hayamsaidii mtu.

Jina ndilo gumu zaidi. Wengi Afrika Mashariki hawana jina la ukoo, na kisanduku kinacholazimisha liwepo huweza kumpa mtu mmoja hati mbili zisizolingana, ambazo kuzisahihisha huenda kukadai hati ya kiapo.