Mwendo wa Kirangozi Kilimanjaro

Historia ya kupanda Kilimanjaro imezoeleka kusimuliwa kama habari ya siku moja. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na tangu hapo mlima ukahesabiwa kuwa umeshindwa. Masimulizi hayo yana shujaa mwenye nguvu, shoka la barafu na bendera, na yamewafanya wengi waamini kwamba mlima ni wa vijana. Ndiyo maana kundi la marafiki waliokwisha kustaafu likionekana kwenye lango la Marangu, makoti ya mvua mwilini na fimbo mkononi, anayewatazama huona watu waliojitakia taabu. Nashikilia kinyume chake. Tukiuliza ni nini hasa kilichofungua njia ya Kilimanjaro, tutakuta si kasi wala nguvu za mtu mmoja, bali ni ufundi wa kwenda taratibu, kwa kundi, ndani ya mvua, mzigo ukiwa umegawanywa na aliye mbele akishika mwendo wa wote. Ufundi huo ulikuwapo katika misafara ya Afrika Mashariki kabla Mzungu yeyote hajaukanyaga mlima, na watu wenye umri wanaweza kuufuata vizuri kuliko wengi.

Tuanze na mvua, kwa sababu ndiyo iliyotoa hukumu ya kwanza. Anayeitazama Kibo kutoka mbali huona theluji, akadhani adui ni baridi ya juu. Lakini upande wa kusini mvua huongezeka kadiri mtu anavyopanda kutoka vihambani kuingia msituni. Hapo, kwenye mita 2,000 na kitu, zipo sehemu zinazopata milimita 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka. Kisha mvua hupungua hadi kileleni kunakuwa kukavu kama nyika. Maana yake ni kwamba anayetoka Marangu au Machame lazima apite kwanza mahali palipolowa kuliko pote, akiwa bado hajaizoea njia. Johannes Rebmann, mmisionari wa kwanza wa Ulaya kuandika kwamba ameiona theluji hiyo, mwaka 1848, alikuja na mwavuli wake, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken na mwenzake Richard Thornton walijaribu kupanda, wakarudishwa na hali mbaya ya hewa wakiwa kwenye mita 2,500 hivi, hata msitu hawajaumaliza. Mwaka uliofuata von der Decken alirudi na Otto Kersten, akafika zaidi ya mita 4,000. Katika muda huo mlima haukubadilika. Uzoefu wa von der Decken ndio uliobadilika.

Inafaa kuutazama msitu wenyewe kwa karibu, kwani hapo hoja yangu inasimama au kuanguka. Mvua ikikatika juu, chini ya miti bado inanyesha: majani yanaendelea kudondosha matone, na kuvumwani za kijivu zinazoning'inia matawini zinachuruzika maji kwa saa nyingi. Njia inakuwa matope juu ya mizizi, na kila mzizi unateleza. Turubai lililolowa huongezeka uzito begani kwa mbebaji, na kuni hazishiki moto. Anayekwenda haraka hapa hutoka jasho ndani ya koti, akalowa kutoka ndani hata kama koti halipitishi tone. Akifika jioni kwenye mita 2,700, na kesho yake 3,700, unyevu ule ule ndio unaomtetemesha usiku. Anayekwenda polepole hutoka jasho kidogo, huangalia anapokanyaga, na hufika akiwa na nguo moja kavu iliyobaki mfukoni. Katika msitu huu haraka haimpi mtu faida yoyote, na hilo wabebaji walilijua kwa miili yao.

Sasa turudi kwa Meyer, kwa sababu yeye ndiye ushahidi mkubwa wa wanaonipinga. Mwaka 1887 alipanda hadi kwenye barafu akashindwa. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima: yeye na Oscar Baumann walikamatwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Alipokuja mara ya tatu alikuwa amebadilisha mbinu. Aliweka kambi kwa ngazi, ya chini Marangu katika himaya ya Mangi Mareale, nyingine juu ya msitu, na ya tatu kwenye mita 4,300 hivi, na chakula kikawa kinapandishwa kutoka chini. Mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, alibaki kwenye kambi ya juu akiitunza wakati Wazungu wawili wanahangaika na barafu. Faida ya mpango huo ilionekana upesi. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa shimo la volkano, wakaona kilele bado kiko mbele na nguvu zimekwisha, wakageuka. Kama nyuma yao kungekuwa na mkoba wa mkate tu, habari ingeishia hapo. Lakini palikuwa na hema, moto na chakula, wakapumzika na kurudi tena siku tatu baadaye. Nakubali bila kigugumizi kwamba kukata ngazi kwenye barafu kulihitaji misuli na ujuzi wa Alpi, ambao wapagazi hawakuwa nao. Hata hivyo saa hizo chache za misuli zilisimama juu ya majuma ya kubeba. Na hata hapo huyo Purtscheller hakuwa kijana: siku wanafika kileleni ndiyo siku aliyotimiza miaka 40.

Mbinu hii Meyer hakuibuni. Msafara wake ulikusanywa Zanzibar, kwa watu ambao kubeba ilikuwa kazi yao. Katika misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji, mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mbele ya wote alitembea kirangozi. Richard Burton, aliyesafiri nao miaka ya 1850, aliandika kwamba hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi, na aliyefanya hivyo alitozwa faini. Sheria hiyo ina akili nyingi. Mamia ya watu wenye mizigo hawawezi kwenda kwa mwendo wa aliye mwepesi. Wakijaribu, wa nyuma wanabaki porini na mizigo inapotea. Lazima mwendo uwekwe mbele, uwe wa kuvumilika na wote, na heshima iwe ya anayeushika. Anayepanda Kibo leo akiwa nyuma ya kiongozi wake, akikatazwa kumpita, anatembea ndani ya sheria hiyo. Mtu anaweza kusema kufanana si ushahidi wa kurithi, kwamba mlima wowote mrefu ungefundisha jambo lile lile. Ningekubali kama watu wa misafara na watu wa mlima wangekuwa hawajakutana. Lakini walikutana Marangu, kambini, wakabebeshana mizigo, na Marangu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kijiji cha waongozaji.

Kuhusu Marangu, Mzee Yohani Kinyala Lauwo hawezi kuachwa. Inasimuliwa kwamba alichaguliwa kwa mangi akiwa kijana kumwongoza Meyer. Mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka 100 tangu kupandwa, aliheshimiwa kwa hilo, na alifariki mwaka 1996 akisemekana kuwa na zaidi ya miaka 120. Wanahistoria wana sababu ya kusita, kwani Meyer, aliyemtaja Mwini Amani, hakumtaja yeye. Kwa hoja yangu, swali la 1889 si zito kama linavyofanywa. Jambo kubwa ni kazi yake ya miongo mingi, akipandisha wageni tangu zama za Wajerumani, kupitia Waingereza, na kuendelea. Kazi hiyo ilikua pamoja na njia: kibanda cha kwanza, kilichoitwa Bismarck na leo Mandara, kilijengwa mwaka 1912, na Kibo Hut ikafuata miaka ya 1930. Vibanda hivyo ni kambi za Meyer zilizogeuzwa kuwa za kudumu, na kazi yake ni kuikata safari katika siku zinazobebeka.

Wapo watakaosema umri ni umri, na mlima hauna huruma. Wana haki katika jambo moja: moyo mgonjwa, presha na magoti yaliyochoka ni mambo ya kumwambia daktari kabla ya kulipa nauli. Lakini ugonjwa wa mwinuko wenyewe, unaowarudisha wapandaji wengi, hufuata zaidi kasi ya kupanda kuliko idadi ya miaka. Kijana mwenye nguvu huumia mara nyingi kwa sababu nguvu zake zinamwezesha kukosea haraka. Kibo imepandwa na watu waliovuka miaka 80, tena zaidi ya mara moja, na kundi la marafiki wa umri mmoja lina faida ambayo mpandaji wa peke yake hana: hakuna anayeona haya kuomba kupumzika, kwa kuwa mwenzake naye anaitaka hiyo nafasi.

Pingamizi linaloniuma ni jingine. Upole wa mwendo wa mgeni hulipwa na mgongo wa mtu mwingine. Siku moja zaidi mlimani ni unga zaidi, gesi zaidi na mizigo zaidi, na anayeivusha msituni kwenye mvua ni mgumu, kama wapagazi wanavyoitwa Kilimanjaro, pengine amevaa viatu vilivyotoboka na hana koti. Wapagazi wamekufa kwa baridi kwenye mlima huu, na historia inayomsifu kirangozi bila kumtaja mbebaji wa nyuma inadhulumu. Sitaki kuifunika hoja hiyo. Ila jibu lake si kuupanda mlima kwa haraka, kwani safari fupi humlazimisha mgumu apande kasi akiwa na mzigo, na yeye hulipwa kwa siku. Siku ya ziada ni ujira wa ziada, mradi ulipwe wote, na mradi kikomo cha kilo 20 kinachowekwa na hifadhi kipimwe kwa mizani langoni na kiheshimiwe hadi kambi ya mwisho. Wazee wanaokwenda kwa kundi wana uwezo wa kuuliza mambo hayo kabla ya kuchagua kampuni: wapagazi wanalala wapi, wanakula mara ngapi, mshahara unafika mkononi mwa nani. Na kuhusu nguo, tangu mwaka 2003 lipo Moshi shirika la kuwatetea wapagazi, linalowaazima bure makoti na viatu vya mlimani.