Onduparaka na Soka la Chipukizi Arua

Onduparaka FC ni klabu ya kandanda ya Arua, katika mkoa wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Jina lake ni la kitongoji kilicho nje kidogo ya mji, na mashabiki wake huiita Caterpillars. Ilianza kama timu ya vijana wa mtaani, ikapanda ngazi kwa ngazi hadi ligi kuu mwaka 2016, ikadumu humo misimu saba, kuanzia 2016/17 hadi 2022/23, kisha ikashuka daraja. Historia hiyo ni fupi kwa miaka, lakini ndani yake mna karibu kila jambo linaloisumbua timu changa ya mji wa mpakani: umbali, pesa, uwanja, na swali la nani anamlea mchezaji kabla hajawa na jina.

Tuanze na umbali. Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala kwa barabara inayopita Pakwach, Karuma na Kigumba. Soko la Ariwara, upande wa Kongo, liko jirani tu, na Mwarua hulifikia kwa bodaboda asubuhi akarudi kwake kabla ya jua kutua. Oraba, mpaka wa Koboko na Sudan Kusini, nao si mbali. Kwa hiyo viwanja vya huku hukusanya vijana wa Kilugbara, Kikakwa, Kiaringa, Kialuri, Kimadi na Kinubi, pamoja na watoto wa wakimbizi kutoka Kongo na Sudan Kusini. Kiswahili hupita katikati yao wote, maana ndicho lugha ya sokoni na ya mpakani. Utajiri wa vipaji vya West Nile unatokana na mchanganyiko huu, na sijaona klabu iliyouvuna ipasavyo.

Ngazi za soka la Uganda, wakati Onduparaka inapanda, zilikuwa hivi: ligi za wilaya, juu yake ligi za mikoa, kisha FUFA Big League (FUFA ni shirikisho la soka la Uganda) iliyogawanywa makundi mawili, Elgon na Rwenzori, na kileleni ligi kuu yenye timu 16. Kila mwaka timu tatu zilipanda na tatu zikashuka. Mwaka 2016 waliopanda walikuwa Onduparaka, Proline na Kirinya-Jinja SS. Ya tatu ni timu iliyotokana na shule ya sekondari. Kati ya timu tatu mpya za msimu ule, basi, moja ilikuwa na mizizi shuleni na nyingine mtaani.

Nyumbani kwao ni uwanja wa Green Light, Arua. Timu za Kampala zilifika zimechoka na safari, zikakuta umati uliobanana hadi kwenye mstari wa pembeni, ngoma, filimbi na vumbi. Kwa mkoa uliozoea kusoma habari za ligi kuu magazetini, kuziona SC Villa na KCCA za Kampala zikicheza hatua chache kutoka sokoni lilikuwa jambo kubwa. Kiingilio cha mlangoni kilikuwa uti wa mgongo wa klabu. Hapo palikuwa na nguvu, na hapo hapo palikuwa na udhaifu, kwa sababu kiingilio hukusanywa siku ya mechi ya nyumbani tu.

Mwaka 2017 ulikuwa kilele cha soka la West Nile kwa jumla. Paidha Black Angels, klabu ya wilaya ya Zombo ambayo haikuwa hata katika ligi kuu, ilifika fainali ya Kombe la Uganda, na fainali hiyo ikachezwa Green Light. KCCA walishinda na kukamilisha msimu wa vikombe viwili, ligi na kombe. Mwaka uliofuata Paidha nao walipanda ligi kuu, wakacheza msimu mmoja wa 2018/19 na kushuka.

Turudi kwenye hesabu ya safari, kwa kuwa ndiyo iliyoamua mengi. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Klabu ya Kampala huweza kumaliza nyingi kati ya mechi zake za ugenini kwa mwendo wa saa moja au mbili, wachezaji wakalala makwao. Onduparaka ilisafiri kilomita elfu moja kwenda na kurudi kwa karibu kila mechi ya ugenini, na ilipocheza na Mbarara City ilivuka nchi nzima, kaskazini hadi kusini-magharibi, zaidi ya kilomita 700 kwa upande mmoja. Kila safari ina mafuta ya basi, chakula cha njiani kwa kikosi na benchi la ufundi, malazi ya angalau usiku mmoja, na misuli iliyokakamaa ya mchezaji aliyekaa kitini usiku kucha. Klabu ya Arua huingia uwanjani ikiwa imeshatumia kile ambacho mpinzani wake bado anacho mfukoni na miguuni.

Halafu likaja janga la Korona. Msimu wa 2019/20 ulikatizwa, na ule wa 2020/21 ukachezwa bila mashabiki. Klabu inayolipwa na kampuni kubwa au taasisi ya serikali iliweza kustahimili. Klabu inayoishi kwa kiingilio ilifungiwa mlango wa riziki yake.

Wakati huo huo Arua ikapata klabu ya pili. Arua Hill SC, iliyotokana na Doves All Stars, ilipanda ligi kuu mwaka 2021. Livingstone Mbabazi, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa, aliwahi kuzifundisha klabu zote mbili. Kwa misimu miwili Arua ilikuwa na mechi ya watani wa jadi katika ligi kuu, jambo ambalo miji mingi mikubwa ya Uganda haijawahi kulipata. Lakini mji ni ule ule, wafadhili ni wale wale wachache, na shabiki mwenye shilingi elfu chache sasa ilimbidi achague. Onduparaka ilishuka 2023. Kwa Arua Hill, msimu wa 2023/24 ndio ukawa wa mwisho, na ligi kuu ya 2024/25 ikaanza bila klabu hata moja ya West Nile.

Nini basi kingeweza kuizuia Onduparaka isianguke? Jibu langu ni timu ya vijana. FUFA ilianzisha ligi ya vijana ya klabu mwaka 2015, na klabu za ligi kuu zikatakiwa kuwa na kikosi cha wavulana wa umri wa sekondari. Klabu nyingi hulitazama sharti hilo kama mzigo: jezi za pili, kocha wa pili, basi la pili. Kwa klabu ya mpakani ni kinyume chake, na sababu iko katika kanuni za FIFA za uhamisho.

Kanuni hizo zina kifungu cha mshikamano. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Tuseme mchezaji ameuzwa dola 100,000. Klabu iliyomlea misimu minne, tangu miaka 16 hadi 19, hustahili dola 2,000, na hustahili tena kila anapouzwa nje kabla mkataba wake haujaisha. Muhammad Shaban, mshambuliaji aliyeng'ara akiwa Onduparaka, alikwenda KCCA mwaka 2017 na mwaka uliofuata akahamia Raja Casablanca ya Morocco. Njia hiyo, kutoka Arua hadi Kampala hadi Casablanca, ndiyo njia ambayo kifungu kile kiliandikiwa.

Sharti lake ni karatasi. Msimu usiosajiliwa hauhesabiki, hata kama kijiji kizima kinamkumbuka mtoto akicheza. Na West Nile karatasi ni tatizo la kweli: wako watoto waliozaliwa safarini, waliovuka mpaka mikononi mwa mama, wasio na cheti cha kuzaliwa, na wengine hupewa umri mpya kila mashindano mapya yanapokuja. Udanganyifu wa umri huonekana una faida leo, ila hugharimu baadaye. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Mfupa wa hapo ukiwa umeshaungana kabisa, mchezaji huenguliwa. Uganda ilifuzu kombe hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2025, nchini Qatar, kwa hiyo kipimo hicho sasa kinamhusu mtoto wa Koboko kama kinavyomhusu wa Kampala.

Kuhusu jinsi mji mdogo unavyoweza kulea vijana wake, mfano wa nje unafaa hapa. Kanada, katika hoki ya barafu, ina miji midogo ambayo timu yake kubwa kuliko zote ni ya vijana wa miaka 16 hadi 20. Wavulana huletwa kutoka mbali, hukaa kwa familia za wenyeji, husoma shule za mji huo, na jioni ya mechi mji wote huwa ukumbini. Kombe lao la taifa, Memorial Cup, lilianza 1919. Mji haungoji kupanda daraja ili ujione una timu. Arua tayari ina shule za bweni kama Mvara na Ombaci, ina familia zilizozoea kupokea mtoto wa ndugu, na ina Green Light. Wilaya za Zombo, Nebbi, Yumbe, Koboko na Moyo zikipeleka timu zao za vijana huko, safari ndefu kuliko zote ingekuwa ya saa chache, wachezaji wangerudi makwao siku hiyo hiyo, na jina la kila mtoto lingeingia kwenye daftari la usajili tangu akiwa na miaka 12.