Kidakuzi, Mmbea wa Kivinjari

Ikifika Novemba na Desemba, watu wa masoko wanapokaa kupanga bajeti ya matangazo ya mwaka unaofuata, kuna tanzia ambayo haikosi kusomwa: vidakuzi vinakufa. Imesomwa tangu 2020. Tarehe ya maziko imeahirishwa mara tatu, kisha ikafutwa kabisa, na marehemu bado anatembea. Mwenye duka la Kariakoo au Nairobi aliyeambiwa kila mwaka kwamba matangazo yake ya mtandaoni yako mashakani ana haki ya kuuliza hiki kinachokufa ni kitu gani hasa, na kwa nini Kiswahili kimekipa jina linalonuka umbea.

Itifaki inayosafirisha kurasa za wavuti iliundwa bila kumbukumbu. Kivinjari huomba ukurasa, seva huutoa, na mazungumzo yanaishia hapo. Ukibofya tena baada ya sekunde mbili, seva inakupokea kama mtu ambaye haijapata kumwona. Kwa msomaji wa makala hilo si tatizo. Kwa muuzaji ni balaa, maana mteja akiweka shati kwenye kikapu kisha akafungua ukurasa wa viatu, shati limeyeyuka. Mwaka 1994 kampuni ya Netscape ilikuwa na mteja, kampuni ya simu ya MCI, aliyetaka duka la mtandaoni lakini hakutaka seva zake zibebe kumbukumbu ya kila kikapu ambacho hakijalipiwa. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, akaja na jibu: kumbukumbu ikae kwenye kompyuta ya mnunuzi mwenyewe.

Fundi cherehani mwenye wateja wengi hufanya jambo hilohilo. Hakariri sura za watu. Huchana karatasi yenye namba, nusu akaibana kwenye kitambaa, nusu akakupa wewe; ukirudi nayo anajua gauni lako ni lipi na umebakiza shilingi ngapi. Kidakuzi ni ile nusu unayoondoka nayo. Ni maandishi mafupi, kwa kawaida hayazidi baiti 4,096, ambayo seva hukikabidhi kivinjari, na kivinjari huyarudisha kila kinapobisha hodi kwenye tovuti ileile. Si programu, hakijiendeshi, wala hakipekui picha zako. Mara nyingi hata jina lako halimo, ila mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao ni seva iliyouandika tu inayojua maana yake.

Kiingereza kilikiita cookie, yaani biskuti. Montulli hakulibuni jina hilo. Mafundi wa programu za Unix walikuwa tayari wakiita “biskuti ya kiinimacho” kipande cha data ambacho programu moja huipa nyingine, nayo hukirudisha bila kukigusa. Ni utani wa watu wa kompyuta, na kwa msomaji wa kawaida haudokezi lolote zaidi ya utamu. Sisi tungeweza kulitohoa tu, na wapo wanaoandika kuki. Lakini neno lililoenea, na linalotumika pia katika Kiswahili cha bidhaa za Google, ni kidakuzi.

Limeundwa vizuri. Nyuma yake kuna kitenzi dakua, kutoboa siri au kupeleka maneno ya watu, jamaa wa mdaku na wa udaku ule wa magazeti. Vitenzi vingi vinavyoishia na -ua huingiza z vikigeuzwa kuwa majina: chagua inatupa uchaguzi, tambua utambuzi, jua ujuzi. Kwa njia hiyohiyo dakua inatupa mdakuzi, mtu asiyeweza kukaa na neno. Ondoa m- ya watu, weka ki- ya vitu na vidogo, unapata kitu kidogo kisicho na roho kinachopeleka habari zako. (Daku la usiku wa Ramadhani ni neno jingine, ingawa inachekesha kuona lugha zote mbili zimeishia jirani na kitu cha kuliwa.) Mdakuzi asichanganywe na mdukuzi, yule anayevunja mifumo ya kompyuta; hapo irabu moja tu ndiyo inayomtenga mmbea na mwizi.

Nalipenda neno hili, lakini ni lazima niseme kwamba linakionea kile kilichobuniwa na Montulli. Kikapu chako kikikumbukwa na duka uliloingia kwa hiari yako, hakuna siri iliyotobolewa. Duka linajua ulichogusa ndani ya duka, kama muuzaji yeyote mwenye macho. Umbea ulianza baadaye kidogo, kwa mlango ambao wabunifu waliuacha wazi.

Ukurasa wa wavuti haujengwi na seva moja. Tangazo linatoka kwa huyu, video kwa yule, kitufe cha kusambaza kwa mwingine, na huenda ikawamo picha ya nukta moja isiyoonekana kwa jicho. Kila seva iliyochangia kipande inaweza kuandika kidakuzi chake. Sasa kampuni ya matangazo iwe na kipande kwenye tovuti ya mpira, kwenye tovuti ya mapishi na kwenye duka la viatu: kidakuzi chake kimoja kinasomeka kote kutatu. Itajua kwamba aliyefuata matokeo ya Simba na Yanga asubuhi ndiye aliyetafuta namna ya kupika biriani mchana, na ndiye aliyekodolea macho raba za shilingi elfu themanini usiku akaondoka bila kununua. Kesho yake raba zile zinamfuata hadi kwenye ukurasa wa habari za ajali. Jina lake huenda halijulikani. Tabia yake inajulikana, na kwa biashara ya matangazo hiyo inatosha. Hapa kidakuzi ni mdakuzi kweli.

Mambo haya hayakufichika muda mrefu. Februari 1996 gazeti la Financial Times la Uingereza liliwaeleza wasomaji juu ya vitu hivi, ambavyo watumiaji wengi hawakujua kwamba vimo ndani ya kompyuta zao. Februari 1997 wahandisi wanaoratibu viwango vya intaneti walichapisha waraka uliotaka vivinjari visiruhusu vidakuzi vya namna hii, vya kampuni za nje ya tovuti, pasipo mtumiaji kuchagua. Netscape na Microsoft hawakuufuata. Wakati huo kampuni ya DoubleClick ya New York ilikuwa imeshaanza kujenga biashara yake juu ya mlango ule, na mwaka 2007 Google ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 3.1. Waraka wa wahandisi ulikuwa sahihi, ila haukuwa na mtu wa kuulipia.

Kwa tofauti hii ya kidakuzi cha duka na cha kampuni ya matangazo, neno moja halitoshi, na lugha za wenzetu nazo zimepata shida. Wataalamu husema kidakuzi cha mhusika wa kwanza na cha mhusika wa tatu, mpaka msomaji anauliza wa pili ameenda wapi. (Wa pili ni wewe.) Mimi ningesema kidakuzi cha mwenyeji na kidakuzi cha mgeni. Mwenyeji ni tovuti uliyoifungua. Mgeni ni yeyote mwingine aliyekaribishwa humo bila wewe kuulizwa. Maneno yote mawili ni ya kila siku, hayahitaji faharasa, na ukimwambia mfanyabiashara kwamba tovuti yake ina vidakuzi saba vya wageni, atauliza mwenyewe hao wageni ni kina nani na nani aliwaalika. Swali hilo ndilo ambalo istilahi nzuri inapaswa kulizaa.

Ile tanzia, basi, ni ya vidakuzi vya wageni peke yake. Kivinjari cha Safari cha Apple kilivibana zaidi mwaka 2017 na kuvizuia vyote Machi 2020; Firefox ilianza kuzuia vya wafuatiliaji wanaojulikana, bila mtumiaji kugusa mpangilio wowote, Septemba 2019. Januari 2020 Google ikatangaza kwamba Chrome, kivinjari kinachotumiwa kuliko vyote duniani, itaviondoa ndani ya miaka miwili. Ikasogeza hadi 2023, tena hadi 2024, tena hadi 2025. Julai 2024 ikasema haiviondoi, itamwachia mtumiaji achague. Aprili 2025 ikasema hata dirisha jipya la kumuuliza halitakuwapo. Ugumu wake unaeleweka: kampuni moja ina kivinjari na ina biashara ya matangazo, na kila mbadala iliopendekeza ulitazamwa na washindani na wasimamizi wa ushindani wa Uingereza kama njia ya kujilimbikizia soko.

Kwa hiyo anayepanga mwaka ujao asikubali kutishwa na habari ya kifo, lakini pia asijenge nyumba juu ya vidakuzi vya wageni. Kwa mwenye iPhone na Safari yake havifanyi kazi tangu zamani. Kwenye programu za simu kwa kawaida havitumiki. Huko kinachotumika ni namba ya utambulisho wa matangazo ya simu yenyewe, na Aprili 2021 Apple ililazimisha programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu nje ya programu husika. Februari 2022 Meta ilikadiria kwamba hatua hiyo ingeinyima mapato ya takriban dola bilioni 10 mwaka ule. Ikiwa kidirisha kimoja cha swali kinaweza kugharimu kiasi hicho, ni dhahiri watu walipoulizwa walijibu nini.

Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kutobabaika, nayo ni kwamba biashara yetu kubwa ya mtandaoni haipiti kwenye tovuti. Inapita Instagram, TikTok na WhatsApp. Picha ya gauni inawekwa, mtu anauliza “bei?”, anajibiwa “njoo DM”, wanapatana, pesa inatumwa kwa M-Pesa, bodaboda anapeleka mzigo. Hakuna kidakuzi kilichoona mauzo hayo. Ndiyo maana mfanyabiashara anayelipia kubusti posti zake anaona namba za walioangalia na waliopenda, lakini hawezi kusema ni tangazo lipi lililoleta pesa, na mtaalamu wa masoko anayemwahidi kwamba atamwonyesha hilo kwa vidakuzi anauza hewa. Njia ya kujua ni ya kizamani: muulize mteja ametoka wapi, uandike. Au toa neno la punguzo tofauti kwa kila tangazo, uhesabu lipi limerudi mara nyingi.

Kuandika huko, watu wa masoko wanakuita taarifa za mkono wa kwanza, na ndiko mwelekeo wote wa sasa unakoelekea, uwe na tovuti au usiwe nayo. Hapo ndipo sheria inapoingia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo hairuhusu taarifa za mtu kutumiwa kwa faida ya kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba za simu zilizonakiliwa kwenye daftari la wageni getini si orodha ya wateja, hata zikiwa elfu kumi. Na si namba tu: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya starehe faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila idhini yake. Klabu ilikuwa inajitangaza, kama wengi wanavyofanya kila Jumamosi.

Neno ridhaa lenyewe limedhoofishwa na vile vibao vinavyoruka mbele ya kila tovuti. Kitufe cha “Kubali vyote” ni kikubwa na kina rangi. Cha kukataa kimefichwa kurasa mbili ndani. Ufaransa ililiona hilo: Januari 2022 mamlaka yake ya faragha ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukataa vidakuzi kulikuwa kugumu kuliko kuvikubali. Ridhaa iliyopatikana kwa kumchosha mtu haina thamani mbele ya sheria, wala sokoni, maana orodha ya watu waliochoshwa hainunui.

Wenye tovuti za Kiswahili wana bahati hapa, kwa kuwa neno lao linasema ukweli kabla ya kibao kufafanua lolote. Wasiliharibu kwa tafsiri ya kisheria ya mistari kumi na miwili. Duka la nguo linaweza kuandika hivi: “Tunaweka kidakuzi kimoja cha mwenyeji ili kikapu chako kisipotee. Kipo pia cha mgeni, wa kampuni ya matangazo. Ukikiruhusu, nguo ulizoangalia hapa utaziona kwenye tovuti nyingine. Unakiruhusu?” Chini yake vitufe viwili vya ukubwa mmoja na rangi moja, Ndiyo na Hapana, na kidakuzi cha mgeni kisiandikwe mpaka Ndiyo ibonyezwe.