Kibao Kimoja, Picha Nyingi: Akseli Gallen-Kallela na Sanaa ya Kuchapa

Mtu akitaja sanaa ya Ufini, jina la Akseli Gallen-Kallela halikosi kutajwa. Aghalabu hutajwa kwa ajili ya picha zake kubwa za rangi, zilizotokana na visa vya Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini. Lakini bwana huyu alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza nchini kwao walioufanya uchapaji wa picha kuwa sanaa kamili, wala si kazi ya kunakili tu picha za wengine. Picha zake za chapa ni ndogo. Nyingi hazizidi ukurasa wa kitabu. Katika jumba la makumbusho mgeni huweza kuzipita upesi, akikimbilia zile kubwa. Katika makala haya twakusudia kusimama mbele ya hizo ndogo na kuuliza: kwa nini mchoraji aliyekwisha kupata sifa kwa brashi aliamua kushika patasi na kibao cha mbao? Twaona kwamba jibu lake lina faida kwetu sisi tufundishao lugha.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1865 katika mji wa Pori, magharibi ya Ufini, akaitwa Axel Waldemar Gallén. Nyumbani kwao kilisemwa Kiswidi. Wakati ule Ufini haikuwa dola huru. Kwa karne nyingi ilikuwa sehemu ya Uswidi, na tangu mwaka 1809 ilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima na wavuvi, ilhali mahakama, ofisi na shule za juu zilitumia Kiswidi. Mwaka 1835 tabibu mmoja, Elias Lönnrot, alitoa kwa mara ya kwanza kitabu cha Kalevala, baada ya kukusanya nyimbo kutoka vinywani mwa watu wa vijijini. Mwaka 1849 alitoa toleo kubwa zaidi, lenye nyimbo 50 na mishororo 22,795. Kisha amri ya mwaka 1863 ikaifungulia njia lugha ya Kifini kuingia katika kazi za serikali. Mwalimu wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa uzito wa mambo hayo. Kijana Gallén alikulia katikati ya mabadiliko hayo, na mwaka 1907 alilibadili hata jina lake likawa la Kifini, ndilo hilo tulitumialo leo.

Baba yake hakutaka mwanawe awe mchoraji. Baba alifariki mwaka 1879, na miaka miwili baadaye kijana alianza masomo ya uchoraji mjini Helsinki. Mwaka 1884 alikwenda Paris kuyaendeleza. Aliporudi alizunguka katika vijiji vya mashariki kutafuta sura, nyumba na mavazi ya watu walioziimba zile nyimbo za kale. Katika miaka ya 1894 na 1895 alijijengea nyumba ya magogo kando ya ziwa, katika wilaya ya Ruovesi, akaiita Kalela. Hiyo ikawa makazi na karakana yake.

Mwishoni mwa mwaka 1894 alisafiri hadi Berlin, Ujerumani, kutayarisha maonyesho ya pamoja na Edvard Munch, mchoraji wa Norwe. Munch mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuchora katika sahani za madini mwaka ule ule. Mwezi wa Machi 1895, Gallen-Kallela akiwa bado ugenini, alipokea simu ya maandishi kutoka kwao. Binti yake mdogo, Marjatta, alikuwa amefariki kwa dondakoo. Mtoto huyo alikuwa na jina la msichana anayesimuliwa katika wimbo wa mwisho wa Kalevala.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo yeye na mkewe, Mary, walikwenda London. Huko aliongeza maarifa yake ya uchapaji, akanunua mtambo wa kuchapia. Mwaka huo wa 1895 ndio wa picha yake ya kibao cha mbao iitwayo Kuoleman kukka, yaani Ua la Mauti. Yafaa tukumbuke kwamba Munch, ambaye sifa zake za uchapaji zimeenea duniani kote, alianza kuchonga vibao vya mbao mwaka 1896.

Hapa hapana budi tueleze kazi yenyewe ilivyo, maana asiyejua namna picha ya chapa inavyotengenezwa hawezi kuionea ajabu yake. Katika kibao cha mbao, msanii huondoa kwa patasi na kisu kila sehemu anayotaka ibaki nyeupe. Kile anachokiacha bila kukigusa ndicho kitakachoshika wino. Hivyo mkono huchonga mwanga, na giza hubaki lenyewe. Kisha kibao hupakwa wino, karatasi hulazwa juu yake, na kugandamizwa. Mtu aliyewahi kuutazama muhuri wa ofisi anajua kwamba maandishi yake yamekaa kinyume. Vivyo hivyo mchongaji hulazimika kuiona picha yake kinyume tangu mwanzo. Na kosa la patasi halifutiki.

Katika sahani ya shaba mambo hugeuka. Huko mstari uliochimbwa ndio unaoshika wino. Huweza kuchimbwa moja kwa moja kwa sindano ya chuma, au sahani hupakwa nta, nta ikakwaruzwa, na tindikali ikaila shaba pale palipokwaruzwa. Wino husuguliwa ndani ya mifereji hiyo, uso wa sahani hufutwa, na mtambo huishindilia karatasi yenye unyevu mpaka iufuate wino mferejini. Gallen-Kallela alizifanya njia zote hizi mbili. Ugumu wa mbao ulimfaa, kwa kuwa mbao hazikubali kubembelezwa. Hutaka mstari mmoja, thabiti, wenye mwanzo na mwisho.

Uthabiti huo twauona vilevile katika picha zake za rangi za miaka ile. Katika Sammon puolustus, yaani Kuilinda Sampo, ya mwaka 1896, na katika Lemminkäisen äiti, Mama wa Lemminkäinen, ya mwaka 1897, mistari ni mikavu na rangi zimetengana kama vipande vilivyochongwa. Picha hii ya pili yamwonyesha mama ameketi kando ya mto wa wafu, karibu na maiti ya mwanawe aliyemwopoa vipande vipande, akitazama juu kungoja dawa imrudishie uhai. Aliyekaa mbele ya mchoraji kama kielelezo cha mama huyo alikuwa mama yake mzazi. Picha hiyo ilichorwa miaka miwili baada ya kifo cha Marjatta, na msomaji atajionea mwenyewe jinsi huzuni ya nyumbani ilivyokutana na huzuni ya utenzi.

Sasa tutazame yaliyozipata kazi zake nyingine kubwa, kwa kuwa ndiyo yanayotufundisha thamani ya zile ndogo. Kwa maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1900 mjini Paris, alipamba kwa visa vya Kalevala dari ya banda la Ufini. Maonyesho yalipokwisha banda lilivunjwa, na picha zile zikapotea pamoja nalo. Kati ya mwaka 1901 na 1903 alipamba kuta za kaburi la fahari mjini Pori, lililojengwa na tajiri Jusélius kwa ajili ya binti yake Sigrid, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 11. Picha hizo nazo ziliharibika, ikabidi Jorma, mwana wa Gallen-Kallela, azichore upya katika miaka ya 1930. Picha za Paris, mchoraji mwenyewe alikuja kuzifanya tena mwaka 1928 katika dari ya Makumbusho ya Taifa mjini Helsinki. Kazi iliyo moja tu, juu ya ukuta mmoja, maisha yake ni ya ukuta huo. Picha ya chapa haiko hivyo. Nakala moja ikiungua, nyingine imo kabatini mwa mtu mwingine, na nyingine katika makumbusho ya mji wa mbali.

Tukilitazama hivyo, twaona kwamba Lönnrot na Gallen-Kallela walifanya tendo moja. Wimbo uliokaa kifuani mwa mzee mmoja ungeweza kuzikwa naye. Lönnrot aliuchapa ukawa wa wengi. Utenzi wenyewe wasimulia kwamba Sampo, kinu cha ajabu kilichosaga unga, chumvi na fedha, kilipokuwa kikinyang'anyiwa baharini kilianguka kikavunjika. Lakini vipande vyake vilichukuliwa na mawimbi hadi ufukweni, vikaleta neema katika nchi.

Mgeni azuruye maonyesho ya picha za chapa ataona mambo ambayo kitabu hakiwezi kumwonyesha. Vyumba aghalabu huwa na mwanga hafifu, kwa kuwa karatasi huharibiwa na nuru kali. Nakala mbili za kibao kimoja zikitundikwa pamoja, ataona hazilingani: moja wino umekolea, nyingine umefifia, na pengine hata msokoto wa mbao wenyewe umejichapa. Pale Tarvaspää, katika mji wa Espoo jirani na Helsinki, nyumba aliyojijengea msanii huyu kati ya mwaka 1911 na 1913 iligeuzwa Makumbusho ya Gallen-Kallela mwaka 1961. Hapo mtu huzitazama kazi zake katika jengo alilolibuni mwenyewe.

Bwana huyu alifika kwetu Afrika Mashariki pia. Mwaka 1909, baada ya kukaa Paris bila kuridhika, alihamia Nairobi pamoja na Mary na watoto wao wawili, Kirsti na Jorma, wakaishi huko hadi karibu na mwisho wa mwaka 1910. Alichora zaidi ya picha 150 za rangi za mafuta: milima, nyasi zilizokauka kwa jua, wanyama na watu. Aliwinda, na alinunua vitu vingi vya kazi ya mikono, akarudi navyo kwao. Enzi ile ilikuwa ya ukoloni, na Waafrika hawakuwa na sauti juu ya nini kichukuliwe na nini kibaki. Mtu aliyehangaika kuuhifadhi urithi wa vijiji vya Ufini, ambao watawala wa kigeni waliudharau, alikuwa katika nchi yetu mgeni wa hao waliotutawala. Jambo hilo halimwondolei sifa ya kazi yake, lakini halifai kufichwa. Chombo kilichochongwa kimoja kikichukuliwa, kijiji hubaki bila hicho chombo. Picha ya chapa inaposafiri, kibao hubaki kwa mwenyewe.

Njia hiyo ya pili, ya kusafiri bila kumnyang'anya mtu, ndiyo iliyoileta Kalevala kwetu. Mwaka 1992 ilitolewa tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Jan Knappert, mtaalamu Mholanzi wa fasihi ya Kiswahili, ikapambwa kwa picha za msanii wa Tanzania, Robino Ntila. Wafini hawakupungukiwa na kitu kwa utenzi wao kuimbwa kwa lugha yetu, nasi tukapata Väinämöinen na Sampo waliochorwa kwa mkono wa Mwafrika.

Gallen-Kallela alifariki Stockholm tarehe 7 Machi 1931. Ufini ilikuwa imepata uhuru tangu tarehe 6 Desemba 1917.

Mwalimu atakaye kulitumia somo hili darasani hahitaji mtambo. Kipande cha muhogo au cha kiazi mbatata, kisu kidogo na wino wa kawaida vyatosha. Kila mwanafunzi na achonge herufi ya kwanza ya jina lake, aichape, aone ilivyotoka kinyume, achonge tena. Wanapofanya kazi, wafundishwe maneno yake: kuchonga, kuchimba, kuchapa, kugandamiza, nakala, kibao, patasi, wino, muhuri. Kisha kila mmoja na aandike aya moja kueleza hatua alizozifuata, tangu muhogo ulipokatwa hadi karatasi ilipoinuliwa. Nakala moja abaki nayo, nyingine ampe mwenzake.