Nyuma ya Serengeti: Maswa katika Historia ya Utalii wa Wanyamapori

Utangulizi

Pori la Akiba Maswa limebeba jina la wilaya ambayo, kwa sehemu kubwa, halimo ndani yake. Eneo lake, lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,200, liko kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na leo linaangukia hasa katika wilaya za Meatu, Itilima na Bariadi. Jina hilo ni masalia ya enzi ambapo Wilaya ya Maswa ya kikoloni ilienea hadi huko. Wilaya hiyo ilimegwa baadaye, na mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ukaundwa, sehemu kubwa yake ikitoka Mkoa wa Shinyanga, lakini pori limeendelea kuitwa Maswa.

Historia ya utalii wa Serengeti kwa kawaida husimuliwa kutoka upande wa mashariki. Mgeni hufika Arusha, hupita Ngorongoro, huingia kwa Lango la Naabi, hutazama nyumbu na simba, kisha mara nyingi huruka kwenda Zanzibar kumalizia mapumziko yake ufukweni. Katika masimulizi hayo, upande wa Maswa ni uani kwa nyumba: upo, lakini mgeni haukaribishwi. Insha hii inajadili kwamba mandhari anayouziwa mtalii kama asili isiyoguswa yamechangiwa kwa kiasi kikubwa na historia ya wafugaji na wakulima wa uani huko. Aidha, inaonesha kwamba kusahaulika kwa historia hiyo kuna uhusiano na namna haki na faida za wanyamapori zilivyogawanywa.

Sotoka, ndorobo na kuzuka kwa "pori tupu"

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki pamoja na nyati na nyumbu. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa baada ya kupoteza mifugo yao. Mifugo ilipotoweka, malisho yaligeuka vichaka. Na vichaka vikawa makazi ya ndorobo. Mwaka 1922 malale yalizuka katika Maswa yenyewe. Katika miaka iliyofuata, serikali ya kikoloni ilikabili ugonjwa huo katika sehemu mbalimbali za Tanganyika kwa kufyeka vichaka na kwa kuhamisha watu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja.

Mtu aliyehusika sana na vita dhidi ya ndorobo katika Usukuma alikuwa C. F. M. Swynnerton, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika chini ya Waingereza. Aina mojawapo ya ndorobo wa maeneo haya, Glossina swynnertoni, ilipewa jina lake. Sadfa hiyo ina maana kwa mtafiti. Ofisa mmoja alisimamia wanyama wa porini na mdudu aliyewazuia binadamu kukaa na wanyama hao. Kwa hiyo, eneo ambalo baadaye lilionekana kuwa tupu lilikuwa limepungukiwa na watu kwa sababu zinazoweza kutajwa kwa majina na kwa miaka. Utupu wake ulikuwa tukio la kihistoria.

Mpaka na mtazamaji

Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mgogoro kuhusu Wamasai na mifugo yao ulimalizika mwaka 1959, pale Ngorongoro ilipotengwa na kuwekwa chini ya utaratibu ulioruhusu wafugaji kuishi pamoja na wanyama. Wakulima, wafugaji na wawindaji wa magharibi hawakupata mpango unaofanana na huo. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Filamu hiyo iliwazoesha watazamaji wa Ulaya na Marekani kuiona tambarare hiyo kuwa mali ya wanyama, na wafugaji kuwa tishio kwake.

Uhuru haukubadili mwelekeo huo. Katika mkutano wa Arusha wa Septemba 1961, Julius Nyerere aliahidi kwamba taifa jipya lingewatunza wanyamapori kama urithi na kama rasilimali. Mwaka 1962 Maswa ikawa pori la akiba. Tangu hapo pakawa na mgawanyo wa kazi kati ya maeneo mawili yanayopakana: ndani ya hifadhi ya taifa mtalii alitazama na kupiga picha, ndani ya pori la akiba mwindaji mwenye leseni aliweza kuua. Nyumbu walivuka mpaka huo bila kubadilika, ila thamani yao kisheria ilibadilika kila walipouvuka.

Chanjo na kundi la nyumbu

Kivutio kikuu cha Serengeti ni msafara wa nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu hao walikadiriwa kuwa takribani robo milioni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamezidi 1,300,000. Ongezeko hilo haliwezi kuelezwa kwa ulinzi wa hifadhi peke yake. Mvua za kiangazi za miaka ya 1970 ziliongeza malisho, lakini sababu ya msingi ilikuwa kutoweka kwa sotoka miongoni mwa nyumbu kuanzia takribani mwaka 1963. Sotoka ilitoweka kwa kuwa ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka Serengeti walichanjwa. Nyumbu wenyewe hawakuchanjwa.

Ikumbukwe kwamba hakuna mfugaji aliyepeleka ng'ombe wake kuchanjwa kwa nia ya kumnufaisha mtalii. Alitaka kuokoa mahari ya wanawe, maziwa na akiba yake. Hata hivyo, matokeo yake ndiyo yanayooneshwa leo kama kazi ya asili. Mfugaji aliyeelezwa kuwa adui wa Serengeti alikuwa mshiriki, bila kukusudia, katika kuizalisha upya.

Mwindaji, mtalii na jangili

Kabla ya sheria za kikoloni, uwindaji miongoni mwa Wasukuma ulikuwa na vyama, miiko, nyimbo na mafunzo yake. Bayege walijulikana kwa kuwinda tembo. Banunguli kwa kuwinda nungunungu. Kanuni za Wajerumani za mwaka 1896, na zile za Waingereza zilizofuata, ziliufanya uwindaji kuwa suala la leseni. Aliyekuwa fundi akawa jangili pasipo kubadili kazi yake.

Tanzania ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973 na kuuruhusu tena mwaka 1978 chini ya Shirika la Wanyamapori Tanzania, TAWICO. Katika miaka iyo hiyo, kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwaka 1977 kulikata njia kuu ya watalii wa picha kutoka Nairobi. Utalii wa uwindaji, wenye wageni wachache na malipo makubwa kwa kila mmoja, ukawa chanzo muhimu cha fedha za kigeni. Vitalu vya Maswa vikapata nafasi katika uchumi huo, wakati mwanakijiji aliyetega nyaya kutafuta kitoweo aliendelea kukabiliwa na kifungo.

Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilikiri kwamba jamii zinazoishi kando ya hifadhi zinapaswa kunufaika. Kutokana nayo zilianzishwa jumuiya za hifadhi, ikiwemo ya Makao wilayani Meatu. Serikali pia iliweka malipo yanayoitwa kifuta jasho, kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kwa familia iliyofiwa. Majina hayo yanastahili kusomwa kwa makini. Kufuta jasho na machozi ni kutoa pole. Si kulipa fidia, wala si kumtambua anayelipwa kuwa mbia. Mkulima ambaye pamba au mahindi yake yameliwa na tembo huonekana kama mpokeaji wa huruma ya mwenye mali.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba sotoka na ndorobo viliondoa watu, sheria ikaugeuza utupu huo kuwa mpaka, na chanjo ya ng'ombe wa vijijini ikarejesha wingi wa nyumbu. Hatua zote tatu zinapita Maswa, ingawa haionekani katika ramani ya safari ya mtalii. Leo Lango la Ndabaka, karibu na Lamadi wilayani Busega, limo katika barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na juhudi za kuvuta watalii upande wa magharibi zinaendelea. Ikiwa mlango wa uani utafunguliwa kwa ajili ya mgeni peke yake, mgawanyo wa zamani utarudiwa kwa sura mpya. Historia ya Maswa inatoa msingi wa madai mengine: kwamba mkazi wa Simiyu ana haki katika wanyama hao kama mmoja wa waliowafanya wawepo, na kwamba anastahili kuwatazama akiwa mwenyeji.