Reli ilipita mbali, lami ikachelewa

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa Machi 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ikawakuta 2,140,497. Kaya za huku ni kubwa: mwaka 2012 wastani ulikaribia watu 7. Aliyewahi kuingia katika mji wa Msukuma mwenye mifugo hashangai, maana babu, wanawe, wake zao na wajukuu hukaa pamoja, na zizi liko jirani.

Watu wote hao, kwa miongo mingi, hawakuwa na njia ya kuaminika ya kutoka nyumbani kwao.

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Ilipita magharibi mwa Maswa na kuacha stesheni Malampaka. Wanyantuzu, yaani Wasukuma wa Bariadi, walibaki mbali nayo. Pamba yao ilitoka shambani kichwani, kwa baiskeli na kwa mikokoteni ya maksai. Vyama vya ushirika, vilivyounganishwa mwaka 1955 chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions na kiongozi wake Paul Bomani, vilisogeza mizani ya kununulia pamba karibu na mkulima. Palipokuwa na mizani, lori lilitafuta namna ya kufika.

Lakini lori la pamba lina msimu wake. Ununuzi huanza Mei, mvua zikiwa zimekatika na ardhi imekauka. Kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo mweusi wa mbuga hulowa, hunata na kumeza magurudumu. Kwa hiyo njia ileile iliyopitisha marobota Julai ilimshinda mama mwenye uchungu wa uzazi mwezi Machi. Naona hilo ndilo kosa kubwa la historia hii: barabara za vijijini zilifuata kalenda ya zao, zikasahau kalenda ya binadamu.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwaka uliofuata familia za Usukumani, zilizozoea kukaa mbalimbali kila moja na mashamba na malisho yake, zilihamishwa. Vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara ili shule, zahanati na gari vifike kwa urahisi. Nia ilikuwa njema. Wengi, hata hivyo, walibomolewa nyumba, mashamba yakawa mwendo mrefu, na baadaye baadhi yao walirudi taratibu kwenye mahame yao. Waliorudi waliipa barabara kisogo kwa sababu ng'ombe huhitaji nafasi.

Lami ilianzia Lamadi, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ikafika Bariadi: kilomita 71.8. Vikafuata vipande vya Mwigumbi hadi Maswa, kilomita 50.3, na Maswa hadi Bariadi, kilomita 49.7. Leo mgonjwa wa Bariadi anafika Mwanza bila kulala njiani, na mabasi, Hiace na michomoko havikauki stendi. Upande wa Meatu, daraja la Sibiti limefungua njia ya Singida.

Nje ya lami mambo ni mengine, na mahali pagumu kufikika huzuliwa hadithi. Gambosi, kijiji cha wilaya ya Bariadi, kinajulikana nchi nzima kwa hadithi za uchawi, na wengi wanaozisimulia hawajawahi kukanyaga huko. Wakazi wake ni wakulima wa pamba na wafugaji kama jirani zao, na wamebebeshwa sifa wasiyoistahili.

Tangu 2017 barabara za vijijini zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Nyingi bado ni za udongo, na mvua inaponyesha bodaboda ndiyo hubeba mjamzito, mbegu, daftari za shule na simu za kuchajiwa mjini. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi Fela mwaka 2021, nayo njia yake inapita Malampaka, kama ile ya 1928.